Usiku wa Ami na kibangala chake, Lamu: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Habari zikienea tu kwamba Ami atapiga Jumamosi, simu yangu haipumziki. Wengine ni watu wa hapa hapa mtaa wa Langoni, wengine wako Malindi na Mombasa, na wengine wamesikia kipande cha wimbo ndani ya boti wakivuka kutoka Mokowe na hawajui ni cha nani. Mimi ndiye ninayepokea wageni mlangoni tangu usiku wa kwanza, kwa hiyo majibu haya ni ya mtu aliyekaa karibu. Yasome kwanza. Kama swali lako halimo, basi piga.

Huyu Ami ni nani, na mbona jina lake haliandikwi popote?

Ni mzee wa Lamu, fundi wa kuchonga milango, anayetunga na kupiga kibangala, chombo cha nyuzi cha pwani yetu, tangu ujana wake. Hana kundi, hana meneja, wala hajawahi kutia saini na kampuni yoyote ya muziki. Jina lake halisi twalijua, mji wenyewe ni mdogo, lakini ametuomba lisiandikwe. Asema anayetaka kumjua aje amsikie. Tumeliheshimu hilo. Mkubwa kwa mdogo twamwita Ami, nawe mwite hivyo hivyo.

Anapiga muziki gani? Ni taarab?

Ni ndugu wa taarab, na kwa umri ndiye kaka. Mtu wa bara akisikia neno taarab hufikiria kinanda cha umeme na mipasho, au fidla za Unguja zikiwa zimepangwa safu. Mwenye kuijua historia kidogo atamtaja Siti binti Saad, aliyesafiri mpaka Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani zake za santuri. Lakini pwani hii ilikuwa na waimbaji wa nyuzi kabla ya hapo. Neno kinanda lenyewe, kabla halijapewa kile chombo cha vibonye, lilikuwa jina la chombo cha nyuzi.

Kibangala ndicho chombo hicho. Hakichanganyiki na udi ukishaviona vyote viwili. Udi una tumbo kubwa la mbao nyembamba zilizounganishwa, na uso wake ni wa mbao. Kibangala kimechongwa katika gogo moja, chembamba kama mtumbwi, na tumbo lake limewambwa ngozi ya mbuzi. Kwa hiyo udi hurefusha sauti, nacho kibangala huikata. Mlio wake ni mfupi, mkavu, una ngoma ndani yake. Cha Ami kina nyuzi 7: jozi tatu, na mmoja mnene uliokaa peke yake. Marehemu Zein l'Abdin, mtoto wa Lamu aliyehamia Mombasa na kufariki mwaka 2016, ndiye aliyeufikisha udi wa kwetu kwenye masikio ya dunia, na Ami humtaja kwa adabu kila mara. Lakini yeye mwenyewe hakuufuata udi. Alibaki na ngozi.

Mahadhi yake anayaokota mjini. Kuna wimbo una mwendo wa goma, ule wa wanaume kusimama safu mbili na bakora zao wakisogea taratibu kama maji yanayojaa. Kuna mwingine umetoka kwenye vugo, pembe wanazogonga wanawake harusini. Na kuna mmoja ambao mimi naupenda kuliko zote, umejengwa juu ya mlio wa kalafati: fundi wa Matondoni akishindilia pamba katikati ya mbao za jahazi. Ami hulaza kipande cha ubao miguuni, hugonga kwa nyundo ndogo mara tatu, hunyamaza, hugonga mara mbili, kisha nyuzi huingia katika lile pengo. Ukiwa umekulia karibu na majahazi, kifua kitakubana.

Watu wanasema ana vituko. Ni kweli?

Ana mambo yake, ndiyo, na ni vizuri uyajue mapema usije ukadhani onyesho limeharibika.

La kwanza, huanza kwa kukaza nyuzi mbele ya watu, na hukaza kwa muda mrefu, dakika ishirini wakati mwingine. Usiku wa kwanza watu walidhani anajitayarisha wakaendelea kuzungumza. Kumbe wimbo ulikuwa umeanza zamani. Ukisikiliza utaona kila uzi anaoukaza anaujibu kwa mwingine, na polepole yale majibu yanakuwa mahadhi, na mahadhi yanapata maneno, wala hutajua mpaka ulikuwa wapi.

La pili, wimbo wa kwanza wenye maneno huuimba akiwa amewapa watu mgongo, uso wake kwenye zidaka. Kwa wasiozijua, zidaka ni vile vishubaka vilivyochongwa ukutani katika nyumba zetu za mawe, safu juu ya safu, ambamo zamani waliweka vyombo vya kaure na misahafu. Nilimwuliza kwa nini. Alinipeleka ukutani mchana, nyumba ikiwa tupu, akaniambia, "Mwanangu, sema jina lako humu." Nikasema. Sauti ilirudi ndogo, imezunguka, kama imesemwa na mtu aliyelala chumba cha pili. Basi wimbo wa kwanza unakufikia kwa njia hiyo, umepitia ukutani.

La tatu ni koti. Atakuja na kikoi, kofia ya vito, na koti zito la sufi, hata mwezi wa Februari watu wakijipepea. Halivui. Usimwulize habari ya koti, ni la mtu aliyekuwa akimpenda.

La nne, hasikilizani na kipaza sauti. Tulijaribu mara moja, akaimba nusu ubeti, akakizima kwa mkono wake na kukilaza chini taratibu, kama anamlaza mtoto.

Na jambo likitokea nje, yeye huliingiza ndani. Usiku mmoja katikati ya wimbo wa huzuni punda alilia chini ya dirisha, kile kilio kirefu kinachokwenda kikikatika. Watu wakacheka. Ami alishika nyuzi zisilie, akangoja mpaka punda amalize kabisa, kisha akaulegeza ule uzi mnene mpaka ukafika pale pale aliposhukia punda, akaendelea kutoka hapo. Hakuna aliyecheka tena. Wimbo ulikuwa umeshuka chini kuliko ulivyowahi kushuka, na mama mmoja aliyeketi karibu nami alijifuta macho kwa ncha ya buibui.

Ni wapi hasa? Kwenye ramani ya simu sipaoni.

Hutapaona, na hata ukipaona, simu itakupotezea njia kwenye vichochoro vya mtaa wa Mkomani. Njoo uwanja wa Mkunguni, mbele ya ngome, ile iliyokamilika mwaka 1821. Saa mbili kamili usiku kijana wetu atakuwa chini ya mti wa mkungu na kandili. Atawachukua wote mliopo, mtapita Usita wa Mui kisha mtakunja kulia na kushoto mara kadhaa. Saa mbili na robo atarudi kuchukua waliochelewa. Baada ya hapo harudi tena.

Nyumba ni ya zamani, ya mawe ya matumbawe na chokaa. Mtavua viatu kwenye daka, yaani kibaraza cha mlangoni, mtapita kiwanda, ndio uwanja wa ndani ulio wazi wenye kisima, halafu mtaingia chumba cha ndani. Usitarajie ukumbi. Chumba kina upana wa boriti, na ndivyo vilivyo vyumba vyote vya Lamu ya kale: dari imeshikwa na miti ya mikoko, na mkoko hauwi mrefu wa kutosha kubeba chumba kipana, kwa hiyo mafundi walijenga vyumba vyembamba na virefu. Ami hukaa mwisho mmoja. Watu 40 wakiketi kwenye majamvi, goti kwa goti, chumba kimejaa. Wa 41 ataketi kiwandani chini ya nyota, na nakuhakikishia naye hasikii vibaya, mlango uko wazi na chokaa inarudisha sauti vizuri.

Wasioweza kukaa chini wapo, tuna viti sita nyuma kwa ajili ya wazee na wenye maumivu ya miguu. Kama mmoja wenu anahitaji, tuambie mapema ili asipewe mwingine.

Inaanza saa ngapi?

Saa mbili na nusu usiku, watu wakishaswali isha na kutulia. Hatuanzi kabla, na hatuna haraka baada. Huisha kwenye saa tano hivi.

Kiingilio ni kiasi gani?

Shilingi 500. Mkazi wa visiwa vya Lamu hulipa 200, mtoto halipi. Waweza kulipa taslimu mlangoni au kwa M-Pesa. Pesa za mlangoni zote zinakwenda kwa Ami, ukitoa za kahawa, mafuta ya taa na chochote kidogo kwa kijana wa kandili. Mwenye nyumba hataki kodi. Asema nyumba isiyoimbiwa huota ukungu.

Kisha kuna kutuza, na hapa wageni huona haya bila sababu. Kwa desturi ya kwetu, ubeti ukikugusa unainuka, unakwenda mbele bila pupa, unaweka noti mbele ya mwimbaji au unampa mkononi, unarudi. Hakuna kiwango. Nimeona noti ya 50 ikitolewa na mvuvi kwa heshima kubwa kiasi kwamba Ami aliurudia ubeti ule mara mbili. Jambo moja tu: tuza kwa sababu ya ubeti, wakati ubeti bado uko hewani. Ukingoja mpaka wimbo uishe, pesa yako itakuwa sadaka tu.

Natoka nje ya Lamu. Nisafirije?

Mabasi ya asubuhi hutoka Mombasa kupitia Malindi na Garsen mpaka Mokowe, na kutoka Mokowe mnavuka kwa boti. Panda la mapema, ili uvuke kabla ya jua kuchwa. Kitambulisho usikiache nyumbani, njiani kuna vizuizi vya ukaguzi na mtashuka na kupanda zaidi ya mara moja. Wa ndege watatua Manda, na ng'ambo yake ndiyo Lamu, boti zinangoja gatini.

Fika Ijumaa kama unaweza. Mtu aliyetoka kushuka kwenye basi jioni ile ile husinzia katika wimbo wa pili, na ule wa pili ndio wa kalafati.

Nalala Shela. Nitarudije usiku?

Kwa miguu ni kiasi cha kilomita 3 kufuata ufuo, dakika 45 za mwendo wa kawaida. Lakini angalia maji. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa, yakijaa, bahari hupiga ukutani karibu na Shela na njia inakatika. Utajikuta umeshika viatu mkononi na maji ya mapajani. Siku za maji mafu, yasiyojaa sana, hupati shida hiyo. Kwa walio wengi tunapendekeza boti. Patana na nahodha kabla hujaja kwetu, mwambie akungoje saa tano kwenye gati, na mpe nusu. Wengi wao ni mashabiki wa Ami, mara nyingine utamkuta nahodha wako ameketi jamvini mbele yako.

Wanawake wanakuja? Na watoto?

Mimi ni mwanamke, na nimo tangu mwanzo. Wanawake huketi upande wa kulia wa chumba na wanaume kushoto, kwa sababu ndivyo wengi wetu tunavyokuwa na raha. Mume na mke wageni wakitaka kuketi pamoja, nyuma pana nafasi na hakuna atakayewauliza. Watoto waje. Mtoto akilia hakuna neno, mtoe kiwandani akapoe, umrudishe. Ami huwapenda watoto kuliko sisi, kwa sababu ya mchezo wa neno ambao nitaueleza chini.

Nivae nini?

Mabega na magoti yafunikwe, kwa mwanamume na mwanamke. Mnapita mitaani mwa watu usiku, mnapita mbele ya misikiti, mnaingia nyumba ya mtu. Leso au kikoi kinatosha kumaliza shida yote.

Naruhusiwa kurekodi kwa simu?

Wimbo wa mwisho peke yake, bila mwanga wa kamera. Nyimbo nyingine, hapana. Tunalisimamia hili kwa dhati. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inampa mwimbaji haki ya kukubali au kukataa onyesho lake lirekodiwe, na Ami amekataa. Lakini hata pasingekuwa na sheria, fikiria chumba chembamba, giza, kandili mbili, na simu ishirini zimeinuliwa. Aliye nyuma anaona nini? Aliye mbele anasikia nini zaidi ya mlio wa vitufe?

Wakati mmoja kijana alirekodi kwa siri na kuutia mtandaoni wimbo ambao Ami alikuwa hajaumaliza. Ubeti wa tatu ulikuwa bado una tundu, neno moja alikuwa analitafuta. Watu wakauimba hivyo hivyo na lile tundu lake. Ami aliuacha wimbo, hajaupiga tena mpaka leo. Tumeupoteza. Kila nikimwona mtu anachezea simu mfukoni naukumbuka wimbo ule.

Sasa nitazipata wapi nyimbo zake?

Kwa mabaharia. Mara moja au mbili kwa mwaka Ami hujirekodi mwenyewe nyumbani, kwa kinasa sauti kidogo, madirisha yakiwa wazi, na hutia nyimbo hizo kwenye memori kadi. Kadi huwapa manahodha wa boti za Mokowe, Pate na Faza. Ndiyo sababu watu wengi wamemsikia majini kabla ya kumsikia nchi kavu. Ukisikia wimbo na ukaupenda, mwambie nahodha akuhamishie kwenye simu. Hilo Ami analiruhusu, kwa sharti kwamba unampa mwenzako naye bila kumtoza.

Nimemwambia mara nyingi kwamba angeweza kupata kitu kidogo kutokana na miito ya simu au majukwaa ya kusikilizia muziki. Mimi bado naamini angepaswa kujaribu, mwenye kazi apate haki yake. Yeye hataki, na nimeacha kumsumbua.

Kwa nini msimpeleke kwenye hoteli au tamasha kubwa watu wengi wamsikie?

Alikwenda. Hoteli moja ilimwita apige wageni wakiwa wanakula, wakakubaliana malipo mazuri. Nilikuwa nimemsindikiza. Tulikaa kona, nyuma ya mtungi wa maua. Akaanza kukaza nyuzi kama kawaida yake, na baada ya dakika chache mhudumu akaja kumwuliza, kwa adabu tu, kama ataanza hivi karibuni. Ami akamwambia ameshaanza. Akaendelea. Sahani zikawa zinagongana, yeye kila zikigongana ananyamaza anangoja zimalize, na haziwezi kumaliza, watu wanakula. Mwishowe alikitia kibangala mfukoni, akatoa bahasha ya malipo, akaiweka juu ya meza bila kuifungua. Tulirudi mjini kwa boti hatujasema neno. Tulipofika gatini aliniambia, "Si makosa yao. Wao walikuwa na njaa."

Tangu siku ile ndipo tulipotafuta chumba hiki. Muziki wa Ami unahitaji watu waliokuja kwa ajili ya kusikiliza, na unahitaji ukuta ulio karibu. Watu 40 si wachache kwa kazi kama hiyo.

Naweza kuomba wimbo?

Wa kwake, ndiyo, mwambie kijana wa mlangoni naye atamnong'oneza. Wa wengine, mara chache. Watu wa Malindi hupenda kuomba nyimbo za marehemu Juma Bhalo, na wana haki, alizaliwa kwao, na hadi kufariki kwake mwaka 2014 hakuna aliyeyavisha mahadhi ya filamu za Kihindi mashairi ya Kiswahili na yakakaa kama alivyofanya yeye. Ami humheshimu sana. Lakini kibangala hakina pumzi ndefu ya kuchukua mahadhi yale, na yeye hataki kuyapiga nusu. Mara moja tu nilimsikia akijaribu, peke yake, akiwa hajui kwamba nimeingia.

Nimesikia anamwomba mtu neno na kulitungia wimbo hapo hapo. Inakuwaje?

Hii ndiyo sehemu ambayo hata mimi, baada ya usiku wote huu, husogea mbele kuona mikono yake.

Baada ya mapumziko Ami huuliza, "Nani ana neno?" Mtu yeyote hutoa neno moja. Yeye hulirudia kimya kimya, vidole vya mkono wa kushoto vikigusana na kidole gumba kimoja kimoja: anahesabu mizani. Shairi la kwetu lina mishororo minne, kila mshororo mizani 16, minane kabla ya kituo na minane baada yake, na vina viwili vya kushika njia yote, cha kati na cha mwisho. Kukosea mzani mmoja ni kama kukosa ngazi gizani, kila aliyemo chumbani anakuhisi.

Safari moja mtoto wa miaka saba hivi, mgeni kutoka Nairobi, alisema, "Ndoo!" Alikuwa ameiona kisimani wakati wa kuingia. Wenyeji wakatabasamu, kwa sababu katika Kiamu, Kiswahili chetu cha Lamu, ndoo ni njoo pia. Kama vile njia kwetu ni ndia, na njaa ni ndaa, mtu akikuita hukuambia "ndoo". Ami aliangalia dari kidogo, vidole vikaenda na kurudi, kisha akaimba, na mimi niliandika kwenye kiganja:

*Nalikwenda kisimani, kuteka mai na ndoo,*
*Nikasikia mwendani, aniita: ndoo, ndoo!*
*Nikaiwata ndiani, sauti ndani ya koo,*
*Sasa niambie, nani, atanitekea ndoo?*

Kwa wasiojua Kiamu: mai ni maji, mwendani ni mwenzi, kuwata ni kuacha. Alikwenda kuteka maji, akaitwa na mwenzake, akaiacha ndoo njiani, na sasa hana maji wala hana aliyemwita. Mtoto alicheka kwa sababu neno lake lilirudi mara nne. Wazee hawakucheka. Wengi mle chumbani tuliwahi kuitwa namna ile. Alipofika "nani" aliuvuta uzi mmoja tu, akauacha ufe wenyewe, na mzee mmoja pembeni akasema "naam" kwa sauti ya chini, ndipo akamalizia.

Ukitaka kutoa neno, toa la kitu ulichokiona siku hiyo. Maneno makubwa kama mapenzi na dunia amepewa mara mia, na atakutungia, lakini utaona vidole havichelewi.

Kama Kiamu sikijui nitaelewa?

Utaelewa sehemu kubwa. Kiswahili chako kinakutosha, na panapokwama muulize aliye jirani yako baada ya wimbo, atafurahi kukueleza kuliko unavyofikiri.

Umeme ukikatika?

Hatuutumii.

Kuna chakula?

Kula kabla. Wakati wa mapumziko kuna kahawa tungu kwenye dele, tangawizi kwa asiyeiweza, tende na halwa. Vikombe hukusanywa kabla kipindi cha pili hakijaanza, na hii ni kwa sababu ya mlio wake. Pombe haiingii, na miraa tunaomba ibaki nje.

Kuna miezi ambayo hapigi?

Ramadhani yote hapigi. Mfungo Sita, mwezi wa maulidi, mji una shughuli yake: wageni wanajaa kwa ajili ya maulidi ya Riyadha, msikiti ulioanzishwa na Habib Swaleh, na matari yanasikika mpaka usiku wa manane. Ami mwenyewe huwa huko, ameketi na wengine. Ukija Lamu mwezi huo kwa ajili yake utamkosa, lakini utakuwa umepata kitu kikubwa zaidi, na yeye mwenyewe ndivyo atakavyokuambia.

Masika pia ni shida, kwa sababu ya ngozi. Hewa ikijaa maji ngozi ya kibangala inalegea na sauti inakuwa ya uvivu. Utamkuta kiwandani kabla ya onyesho ameinamia jiko la makaa, amekishika kibangala kifudifudi juu ya joto, anakipitisha huku na huku kama anayekausha shati la mtoto, kila baada ya muda anaipiga ngozi kwa ukucha na kusikiliza. Mvua ikiwa kubwa sana tunaahirisha. Tunatuma ujumbe kabla ya saa kumi jioni.

Nataka kumletea zawadi. Nilete nini?

Sukari na khanga anazo, na huzigawa siku ya pili. Mletee nyuzi. Zamani walitumia utumbo wa mnyama, sasa ni nailoni, mshipi ule ule wa kuvulia samaki, na mzuri haupatikani kila wakati. Nenda duka la vifaa vya uvuvi, omba mshipi mwembamba na mwingine mnene kidogo, kisha kabla ya kulipa shika ncha moja kwa meno, nyoosha nyingine kwa mkono, uupige kwa kidole. Ukitetemeka mpaka ukausikia ndani ya fuvu, nunua. Mwenye duka hapa Lamu hatakushangaa, ameshatuona wengi tukifanya hivyo.